Kwa Nini Nawapa Mgongo Mkipita Mbio

Juzi mmoja wenu, yule mrefu mwenye raba za rangi ya chungwa, alimwuliza jirani yangu kama nina kinyongo naye. Kisa ni kwamba kila asubuhi akipita mbio mbele ya nyumba yangu hapa mtaa wa Kambarage, Shinyanga, mimi nikiwa barazani na chai yangu, namgeuzia mgongo. Anasema ameshajaribu kupita upande wa pili wa barabara na bado nikageuka, na kiti nikageuka nacho. Jirani akamwambia, "Kamuulize mwenyewe." Hajaja hadi leo. Kizazi chenu kinaweza kukimbia mpaka Tinde, lakini kutembea hatua ishirini kuja kumuuliza bibi kizee swali, hapo miguu inakufa ganzi.

Basi nitawajibu wote kwa pamoja. Ila mjue, ukinigusa kwenye kazi yangu sijibu kwa neno moja. Kaeni.

Mimi nilikuwa Bibi Michezo. Ndivyo walivyoniita katika kile kiwanda cha kuchambua pamba, miaka ya sabini, na wengine wananiita hivyo mpaka leo. Jina langu ni Tatu. Kiwanda kilikuwa na mamia ya vibarua wa msimu, wengi wao wanawake wa kuchagua pamba, na wakubwa walitaka wafanyakazi wacheze michezo wapate afya. Wanaume walipewa mpira. Wanawake wakapewa mimi, na mimi nilipewa filimbi moja.

Niseme kwanza jambo ambalo nina uhakika nalo kuliko ninavyojua alama za kiganja changu. Mwanamke wa kawaida, mwenye watoto, mwenye jembe nyumbani, ambaye anakimbia kwa kupenda tu, akifundishwa ipasavyo ana mbio kuliko anavyodhani yeye, mume wake na makarani wa ofisini. Hao makarani ndio walionicheka siku ya kwanza. Wanawake wangu walizunguka uwanja mara moja tu, wakaanguka kwenye majani wakihema, kanga zimefunguka, na makarani wako dirishani wanakufa kwa kicheko. Nikawaangalia nikasema kimoyomoyo, haya, chekeni. Kabla ya msimu kwisha nikawaita makarani uwanjani washindane na wanawake hao hao waliowacheka. Wawili tu kati yao walimaliza mbele ya wanawake wangu, na mmoja wa hao wawili alitapika.

Lakini msidhani nilianza najua. Nilianza vibaya sana. Chuoni nilikofundishwa, mwalimu mzuri alikuwa yule mwenye sauti kali, basi nami nikawa mkali. Kila siku jioni mbio za kufa mtu, filimbi mdomoni. Wiki ya tatu nusu yao wakawa wagonjwa. Huyu goti, huyu mgongo, huyu kafiwa na shangazi ambaye tulishamzika mwezi uliopita. Nikawafokea wote, pamoja na aliyefiwa.

Aliyenitia akili ni Mzee Lameki, karani wa mizani. Alikuwa mfupi, mkimya, ana jicho moja lenye mtoto wa jicho. Ujanani alikuwa askari, na jeshini ndiko alikokuwa akikimbia. Siku hiyo aliniita pale kwenye mizani akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanawake wakifika kwako jioni wametoka wapi?"

Nikasema wametoka kuchagua pamba.

"Na kabla ya hapo?"

Ningejuaje? Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu aliuza vitambaa dukani, maji yetu yalitoka bombani.

"Alfajiri wameteka maji lamboni. Wamelima. Wametembea maili tatu, nne, kuja hapa. Wakifika kwako walishakimbia zamani. Halafu wewe unawafukuza tena kama ng'ombe wa wizi."

Haki ya Mungu niliona haya. Kuanzia hapo tukagawa siku. Siku mbili kwa wiki zilikuwa siku za kimya. Siku hizo unakimbia vipande vifupi kwa kasi, unapumzika, unarudia, na hakuna anayeweza kusema neno. Siku nyingine zote zilikuwa siku za umbeya. Unakimbia pole kiasi kwamba unaweza kumsimulia mwenzio habari za jirani mwanzo mpaka mwisho bila kukata pumzi. Ukishindwa kumaliza habari, unakwenda kasi mno, punguza. Nyie mna saa zinazopima mapigo ya moyo. Sisi tulipima kwa umbeya, na nawaambia umbeya haudanganyi. Kosa lenu ni kwamba kila siku mnataka iwe ya kimya. Nawaona mnavyopita hapa mmekunja nyuso kama mnadaiwa kodi.

Mengine tuliyajua kwa kuyaona. Niliona kila mmoja anakimbia na mkono mmoja, maana wa pili umeshika kanga isianguke. Nikakaa na fundi cherehani tukabuni sketi ya marinda, pana, yenye mpira kiunoni na kaptura ndani. Ilifunika magoti, wakwe hawakuwa na la kusema, na mikono yote miwili ikapata kazi. Niliona vilevile kwamba shingo zao na viuno vyao vilikuwa vimenyooka vizuri ajabu kwa sababu ya kubeba ndoo kichwani, kwa hiyo pale sikugusa kitu. Mchana walikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, basi, hakuna mlo mzito kabla ya mazoezi. Mvua ikinyesha tuliacha uwanja. Ule udongo mweusi wa mbuga ukikushika mguu hauachi, unabeba nusu ya Shinyanga kwenye kisigino.

Njia yetu ya kupimana ilikuwa barabara ya moramu, kutoka geti la kiwanda mpaka kalavati na kurudi. Niliipima mwenyewe kwa baiskeli. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye spoku, nikawa nakokota huku nahesabu kila kinapofika chini. Mara ya kwanza nilifika mia saba na kitu, akatokea mzee mmoja, "Shikamoo babu," "Marahaba, baba yako hajambo?" Nilipomaliza kumjibu, hesabu imetoroka. Nikarudi getini nikaanza upya. Nilicheka mwenyewe, nikasahau. Laiti ningekumbuka! Ilitoka maili nne, kwenda na kurudi. Na saa niliyotumia ilikuwa ya mkononi, ya marehemu baba, yenye mshale wa sekunde. Nilisimama nayo getini, nawaachia mmoja mmoja, kila baada ya dakika tatu, kisha nasubiri warudi.

Sasa ndiyo nawaleta kwa Kabula.

Kabula alikuwa kibarua wa msimu, msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye mtoto mmoja, Masanja. Mume wake alikwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, na huko akazama kwenye mashimo na habari zake, hata salamu haleti. Kabula akabaki kwa baba mkwe wake, Mzee Luhende, ambaye mji wake ulikuwa kando ya barabara ileile ya mazoezi yetu, karibu na kalavati. Mzee alikubali afanye kibarua. Mbio hakuzipenda. Alimwambia, "Msimu ukiisha unarudi jembeni, na mbio ziishe hapohapo."

Halafu meneja akatangaza kwamba kutakuwa na mashindano, wanawake wa kwetu na wa upande wa Geita, njia yetu ya maili nne, na wawili wa kwanza wataingia timu ya kanda. Mwanamke wa kiwanda atakayeingia timu hiyo atapewa ajira ya kudumu. Mnaelewa maana ya ajira ya kudumu kwa mwanamke ambaye mume hajulikani aliko? Kabula alikuja kwangu siku hiyo, akasimama, mikono nyuma.

"Mwalimu, baba mkwe kasema nikipata hiyo kazi ya kudumu hatanizuia. Nikikosa, nisirudi tena huku. Naweza kuipata?"

Nikamwambia anaweza. Na sikumdanganya, maana uwanjani, siku za kimya, hakuna aliyemkaribia. Alikuwa na hatua nyepesi, ndefu, anatua kama hataki kumwamsha mtu. Alipoanza mazoezi, maili nne zilimchukua dakika arobaini. Baada ya miezi miwili akafika thelathini na tatu. Nikasema huyu atashuka mpaka ishirini na nane.

Hakushuka. Kila Jumamosi thelathini na tatu. Wenzake ambao uwanjani anawaacha mbali, barabarani wanarudi na muda mzuri kuliko wake. Nikajiambia ana kasi lakini hana pumzi ya masafa, basi dawa ni barabara. Nikamwongezea barabara. Kila asubuhi akitoka kwake, barabara. Jioni akirudi, barabara. Jumamosi iliyofuata akaja na thelathini na nne. Nikaongeza tena. Thelathini na tano!

Nilikasirika mpaka nikatupa filimbi kwenye majani. "Kabula, unanichezea? Nimekwambia ukimbie bila kusimama kupumzika!"

"Sipumziki, Mwalimu. Hata mara moja."

"Mbona muda unaharibika?"

Akainama tu. Machozi yalimlenga. Na bado nikamfokea, Mungu anisamehe.

Jumamosi nyingine nikamwachia mtu saa pale getini, nikachukua baiskeli nikamfuata kwa mbali. Nilichokiona nitakufa nacho.

Kabula alikimbia kama swala. Kweli kabisa, nilikanyaga pedeli kwa nguvu zangu zote na bado ananiacha. Ghafla akasimama, akapiga goti kando ya barabara mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyebeba kuni. "Mwangaluka, mayu." Ndiyo shikamoo yao ya asubuhi, na mayu ni mama. Yule mama akajibu, akauliza habari za nyumbani, za Masanja na kikohozi chake, za mvua, za mbuzi wa Mzee Luhende. Kabula anajibu moja moja, "mhola, mhola," salama, salama, goti liko chini. Akaruhusiwa, akainuka, akafyatuka. Hatua mia mbili mbele, mzee na fimbo yake. Goti chini. Mwangaluka. Mbuzi. Kikohozi. Akafyatuka. Nilihesabu mara saba.

Sisi wa mjini tunasema shikamoo huku tunatembea, na mtu anaitikia marahaba umeshapita. Kule haikuwa hivyo, hasa kwa Kabula, ambaye alikuwa mkamwana wa watu wale. Wazee wote wa barabara ile walikuwa wakwe zake. Wenzake ambao hawakuolewa pale walipita na kupunga mkono. Na mimi kila nilipomwongezea barabara, wazee walizidi kumzoea, na kadiri walivyomzoea ndivyo salamu zilivyorefuka. Mazoezi yangu ndiyo yaliyokuwa yanamharibia muda!

Nilikaa chini pale kwenye moramu, baiskeli imelala, nikacheka na kulia kwa mpigo. Aliporudi akanikuta hivyo hivyo akashtuka.

"Kabula, mbona hukuniambia kama unasimama?"

"Ulisema bila kusimama kupumzika, Mwalimu. Kusalimia si kupumzika." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani saa yako inatoa muda wa salamu."

Lahaula! Dakika saba nzima zilikuwa za mbuzi na kikohozi. Msichana alikuwa na ishirini na nane miguuni kwa wiki nyingi, na mimi na saa yangu hatujui. Ndiyo maana nawaambia wale wanaofundisha wenzao: mtu akikwama, kabla hujamwongezea mazoezi, nenda kamwangalie anapokimbia. Usikae getini.

Nikamwambia siku ya mashindano asisimame. Asalimie huku anakimbia.

"Nimsalimie mtu mzima nikiwa nampa kisogo?"

"Siku moja tu!"

"Mwalimu, wewe siku ya pili utakuwa mjini. Mimi nitakuwa palepale."

Nikafoka, nikambembeleza, nikafoka tena. Hakutikisika. Nikaenda kwa Mzee Lameki nimejaa hasira. Akapima gunia, akaandika, kisha akasema, "Kwa nini unambana yeye? Salamu ni ya wazee. Kawaombe wenyewe."

Nikachukua baiskeli, nikapita mji kwa mji. Nilikunywa uji mpaka tumbo likanguruma. Niliwaeleza kwamba mkamwana wao anatafuta kazi ya kudumu, na kazi yenyewe iko mwisho wa barabara, na hawezi kuifikia kama ataulizwa habari za mbuzi. Walicheka sana. Yule mama wa kuni ndiye aliyetoa ufumbuzi. Alisema, "Basi aje siku moja kabla, atusalimie salamu za kesho. Kesho yake akipita tutajua tulishasalimiana." Wenzake wakakubali, wakaona ni jambo jipya na la haki.

Siku moja kabla ya mashindano Kabula akapita mji kwa mji, anapiga goti, anatoa salamu za kesho. Wakamjibu zote, na mbuzi wakaulizwa kabisa. Alibaki mmoja tu, baba mkwe wake.

Mzee Luhende tulimkuta anachonga mpini. Nikamwamkia, nikaeleza. Akaugeuza mpini, akachonga upande wa pili. Hatimaye akatamka, "Mimi sipokei salamu za akiba. Mtu ananisalimia siku aliyoniona."

"Kwa hiyo, Mzee, kesho utakaa ndani?"

"Kwa nini nikae ndani? Wanasema wageni wa Geita wanakuja. Nitakuwa barabarani."

Nikaaga. Kabula akanisindikiza mpaka kwenye kona, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nikimwona nitasimama, Mwalimu. Usinikasirikie." Sikumkasirikia. Nilikuwa naogopa tu.

Siku ya siku ikafika. Wa Geita walikuja na lori, wanaimba. Mkali wao alikuwa Anastazia, mama ntilie wa Nyarugusu, mwanamke wa mapaja ya chuma aliyezoea kupanda kilima na sufuria ya maharage kichwani kuwapelekea wachimbaji. Mimi na Mzee Lameki tulipanda lori la kiwanda pamoja na waamuzi, tukawafuata wakimbiaji kwa nyuma.

Walipoachiwa, Kabula alianza pole kama nilivyomfundisha. Wengi walijirusha mbele, na kabla ya maili moja wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Tukafika vijijini. Wazee walikuwa wamejipanga kando, na Kabula alipopita, yule mama wa kuni akapaza sauti, "Tulishasalimiana, mayu! Pita!" Wote wakaitikia, "Pita!" Waamuzi wakaniuliza wanasema nini, nikashindwa kueleza kwa kucheka. Mbele ya mji wa Mzee Luhende hapakuwa na mtu. Nikamshukuru Mungu, nikajua kabadili mawazo.

Wakazunguka kalavati, wakaanza kurudi. Anastazia mbele. Hatua kumi nyuma yake Kabula. Na nyuma ya Kabula, karibu kabisa, mwanamke mwingine wa Geita, mfupi, anayekazana kama anafukuzwa. Wawili tu ndio watakaochukuliwa. Nikatazama mbele ya lori.

Mzee Luhende alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Kofia kichwani, fimbo mkononi, uso kauelekeza kwetu.

Kabula akamwona. Niliona mabega yake yakishuka. Hatua zikafupika, mbili, tatu. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye marinda ya sketi, vile mwanamke anavyokusanya nguo kabla ya kupiga goti. Yule mfupi akamfikia ubavuni. Nikashika ukingo wa lori. Ajira ya kudumu ilikuwa inapiga goti pale mbele yangu.

Ndipo mzee akageuka. Hakuharakisha. Akaizungusha fimbo, akatupa mgongo barabara nzima, akasimama anaangalia mbuga kama barabarani hakuna mtu.

Ndani ya lori watu wakaguna. "Haa! Kamkana mkamwana wake hadharani!" Nami hasira zikanipanda, nikapiga kelele, na hili nalijutia, "We mzee, huna hata haya!" Mzee Lameki akanishika mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Tazama miguu."

Mkono wa Kabula ulikuwa umeachia marinda. Hatua zikarefuka. Akapita nyuma ya mgongo wa baba mkwe wake bila kupunguza, na yule mfupi akabaki. Kutoka pale mpaka getini sijui alikanyaga nini, maana sikusikia mguu. Anastazia alimtangulia kwa hatua chache tu, na akafika analia kwa uchungu wa kifua. Nikatazama saa ya baba. Kabula, wa pili, dakika ishirini na saba na kidogo. Kibarua wa pamba, mama Masanja, aliyeanza na arobaini.

Walipokuwa wanambeba juu juu, mimi nilichukua baiskeli nikarudi. Bado nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mzee. Nikamkuta palepale, bado kaipa barabara mgongo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wamekwisha kupita?"

"Wote wamepita."

Akahamisha fimbo mkono wa pili. "Na wangu?"

Maneno yote niliyoyabeba yakanipotea. "Wa pili, Mzee. Kazi kaipata."

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyafuta. "Nilimwambia mtu ananisalimia siku aliyoniona. Leo hakuniona uso. Hana kosa." Kisha akaongeza, "Na wewe nilikusikia kwenye lori. Sauti unayo."

Nilipiga goti pale pale, mimi mtoto wa mjini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamwomba radhi. Akanifanya ningoje kidogo, nadhani kwa makusudi, ndipo akanisamehe.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia mapema tukalala usingizi. Akasema hata yeye alitoka nyumbani hajui atafanya nini. "Nilikuja nisalimiwe. Halafu nikamwona anavyokuja. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia, alfajiri namsikia tu miguu ikipita. Mtu anakuja hivyo, unamsimamishaje?"

Kabula alikuja baadaye, anatembea, vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga goti. Wakasalimiana salamu yote, nyumba, mvua, mtoto, na mbuzi hawakusahaulika. Ilichukua muda mrefu. Saa nilikuwa nayo mkononi na sikuitazama.

Alifanya kazi pale kiwandani miaka mingi, na mtoto wake akasomea hapohapo mjini. Na mzee yule, mpaka anazeeka kabisa, kila alfajiri akisikia miguu inakuja barabarani, alikuwa anageukia mbuga.

Basi wewe mwenye raba za chungwa, jibu lako ndilo hilo. Nakuona unavyokuja tangu kule kwenye kona, na nakuambia kama mtu wa kazi: una hatua nzuri, mkono wa kushoto unaukaza mno, na siku za umbeya huzifanyi. Lakini ukifika mbele ya baraza langu ulikuwa unapunguza mwendo, unatafuta pumzi ya kuniambia shikamoo. Nilikuona. Ndiyo maana nikaanza kugeuza kiti. Usipunguze, mwanangu, mimi nitakuwa natazama ukuta. Ukimaliza zako, rudi ukitembea, utanikuta nimegeuka, na chai ipo.